Boti inanyanyua omo: nifunge mabamba ya trimu ya saizi gani?

"Fundi, salamu. Nina boti ya faiba ya futi 26, tumbo la V, tunapeleka wazamiaji Mnemba kutoka Nungwi. Mwaka jana nilishusha mashine mbili za farasi 75, zile za kuchanganya oili, nikafunga mbili mpya za farasi 115 zisizochanganya. Tangu hapo, tukibeba wageni wanane na mitungi ishirini, omo inapanda mpaka nahodha anasimama juu ya kiti ili aone mbele, na tukishuka chini ya mwendo wa noti 16 boti inakaa kitako tena. Halafu inalalia kushoto. Nimeambiwa dawa ni trimtabu. Kuna mtu wa Dar ananiuzia zilizotumika, inchi 12 kwa 9, bei nzuri. Rafiki yangu mwenye boti ya kuvulia anasema nisipoteze hela, nichukue 30 kwa 12, kubwa kabisa. Nyuma, pembe hadi pembe, boti ina inchi 86, na mashine zimeachana inchi 28, katikati kwa katikati. Nichukue zipi?"

Ndugu yangu, si zile za Dar wala za rafiki yako. Kwa vipimo ulivyoleta, nyuma ya boti yako pana nafasi ya bamba la inchi 18 kwa 12 kila upande, na hilo ndilo ningekufungia. Ila kabla hujatoa shilingi kuna jaribio la asubuhi moja, halina gharama, nalo huenda likakuondolea nusu ya tatizo. Nitalifikia. Wewe umesema trimtabu. Mimi nitasema mabamba ya trimu, maana tabu unayo ya kutosha.

Tuanze na namna yanavyofanya kazi, kwa sababu ukishaelewa hilo saizi haikusumbui tena. Wengi hudhani bamba linavuta omo, yaani pua ya boti, chini. Haliigusi omo hata kidogo. Bamba linaning'inia kwa bawaba kwenye ukingo wa chini wa ukuta wa nyuma wa boti, na jeki inalisukuma liiname. Maji yanayokimbia chini ya tumbo yakilikuta limeinama yanabanwa, na shinikizo linapanda. Halipandi kwenye bamba peke yake: linapanda hata chini ya tumbo la boti mbele ya bamba, na sehemu kubwa ya nguvu inazaliwa hapo. Shetri, yaani nyuma ya boti, inainuka, na omo inashuka yenyewe, kama watoto kwenye bembea ya ubao. Ndiyo maana sehemu ya tumbo iliyo mbele ya bamba lazima iwe safi. Kile kidude cha mashine ya kupimia kina kikikaa mbele yake, au uchafu wa bahari ukiachwa uote hapo, bamba zuri litafanya kazi kama bamba baya.

Nguvu hiyo inategemea vitu vitatu: eneo la bamba, pembe uliyoliinamisha, na mwendo. Eneo likizidi mara mbili, nguvu nayo mara mbili. Pembe hivyo hivyo. Mwendo una hesabu yake: ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Katika chuo cha Stevens, Hoboken, Marekani, Daniel Savitsky na mwenzake Brown walitoa mwaka 1976 kanuni ya kukadiria jambo hili, na wanaochora boti wanaitumia mpaka leo. Nimeipigia hesabu boti yako. Mabamba mawili yenye inchi za mraba 216 kila moja, yakiinama nyuzi 5 kwenye noti 15, yanainua shetri kwa kama kilo 200. Ni sawa na kuwaondoa wageni watatu walioketi nyuma kabisa. Mabamba hayo hayo, kwa pembe hiyo hiyo, kwenye noti 30 yanainua kilo 800. Kwenye noti 10 hayafiki hata 90.

Tazama sasa shida yako iko wapi. Iko noti 12 hadi 16, pale boti inapojaribu kulipanda wimbi lake yenyewe na kukaa juu ya maji. Huko mwendo ni mdogo, kwa hiyo bamba dogo halina kitu cha kushika. Zile za Dar zina inchi za mraba 108, nusu kamili ya hizo nilizopigia hesabu. Utaziinamisha mpaka mwisho wa jeki ndipo uone tofauti, na bamba lililoinama sana linageuka breki: linainua, lakini linaburuta maji, na petroli ndiyo inayolipa. Bamba kubwa linaloinama kidogo ni bora kuliko dogo linaloinama sana. Hapo rafiki yako yuko sahihi.

Kosa lake ni kudhani kwamba boti yako ina nafasi.

Kanuni ya mafundi wengi, na ya watengenezaji wenyewe, ni inchi moja ya upana kila upande kwa kila futi moja ya urefu wa boti. Ile namba ya kwanza, 12 au 30, ndiyo upana, yaani kipimo cha kufuata ukuta wa nyuma. Ya pili, 9 au 12, ni urefu wa bamba kwenda nyuma. Futi zako 26 zinataka inchi 26 kila upande, kwa urefu wa kawaida wa 9. Nguvu za mashine hazimo kwenye kanuni hii. Nimeshaulizwa mara nyingi "farasi mia mbili zinataka bamba gani?" na sina jibu la swali hilo, kwa sababu bamba halijui farasi. Linajua uzito, urefu na mwendo.

Chukua kipande cha chaki uende nyuma ya boti. Kutoka katikati ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, hadi pembe ya ubavu una inchi 43. Acha inchi 3 kutoka pembe, kwa sababu bamba likifika ukingoni kabisa litarusha maji, na boti ikilala kwenye kona litachimba. Unabaki na 40. Sasa rudi katikati. Kila mashine iko inchi 14 kutoka mkukuni, na kutoka katikati ya mashine unaacha walau inchi 8, ili maji yaliyovurugwa na bamba yasiingie kwenye propela, na mashine ikikata kona isiligonge. Hiyo ni 22. Kati ya 22 na 40 kuna inchi 18, basi. Bamba la 30 la rafiki yako likianzia kwenye 40 lingeishia kwenye 10. Mashine yako iko kwenye 14. Ungelifungia wapi?

Kwa hiyo upana tuliotaka haupo, na tunaurudisha kwa urefu. Kumi na nane mara 12 ni 216. Ishirini na nne mara 9 pia ni 216. Eneo ni moja, na liko karibu ya kutosha na lile la kanuni, ambalo ni 234. Nisikudanganye kwamba ni vitu sawa kabisa: kwa eneo lile lile, bamba pana hufanya kazi safi zaidi kuliko refu. Lakini kwa boti nzito inayosumbuka kwenye mwendo mdogo, inchi 12 za urefu si hasara, na watengenezaji wenyewe huzipendekeza pale mashine mbili zinapomeza nafasi. Ingekuwa boti nyepesi ya kukimbia noti 40, ningekukataza. Kule kidole kikigusa swichi kidogo tu, boti nzima inaruka.

Hasara ya bamba refu ni kwamba linatokeza nyuma, na shughuli yenu yote inafanyika nyuma. Ngazi yenu ya wazamiaji iko wapi? Mtu anayetoka majini na mtungi mgongoni, mapezi miguuni, akikosa ngazi atakanyaga chochote kilicho karibu. Nimeona jeki iliyopinda kama ndoana kwa sababu hiyo. Na Nungwi maji yanakupwa hasa. Bamvua likikolea tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hufika mita 4. Boti ikikaa mchangani huku mabamba yameshushwa, uzito wote wa shetri unayalalia. Nahodha awe na mazoea ya kuyapandisha juu kabisa kabla ya kurudi kinyumenyume, kabla ya kutia nanga, na kabla ya kuiacha boti ikauke.

Sasa lile jaribio.

Mashine zako mpya mbili zina uzito wa kama kilo 340 kwa pamoja, na zile za zamani zilikuwa nyepesi kwa makumi ya kilo kila moja. Uzito huo umeongezeka mahali pabaya kuliko pote, nyuma kabisa. Mitungi nayo, nakisia, imepangwa ubavuni kuelekea nyuma kama boti nyingi za kuzamia. Mtungi wa aluminiamu uliojaa ni kama kilo 16, ishirini ni 320. Petroli usiisahau: lita 200 ni kama kilo 150, na tangi aghalabu liko nyuma vilevile.

Toka siku ya bahari shwari na mzigo wako wa kawaida. Weka simu kwenye sakafu ya boti, kwenye programu ya pimamaji, usome nyuzi boti ikiwa imetulia, kisha usome kwenye noti 12, 14, 16 na 20. Andika. Sasa hamisha mitungi sita kutoka nyuma uipeleke mbele mita 4, uifunge vizuri, na urudie safari ile ile. Mitungi sita kwa mita 4 ina athari inayokaribiana sana na mabamba yale kwenye noti 15, tena haina jeki ya kuharibika wala haiburuti maji. Boti za namna hii hukimbia kwa raha omo ikiwa imeinuka kati ya nyuzi 3 na 5. Ukiona 7 au 8 kwenye noti 14, basi nahodha kusimama kitini si ajabu.

Na kabla ya hayo yote, jeki za mashine zenyewe: nahodha wako huzisukuma mashine ndani kabisa wakati wa kuondoka? Manahodha waliozoea zile mashine za zamani, zenye pini ya kuweka pembe kwa mkono, mara nyingi hawaigusi swichi ya kuinamishia. Mashine ikiwa imeinuliwa nje, propela inasukuma omo juu, na hakuna bamba litakaloshinda farasi 230 zinazosukuma kinyume chake.

Suala la kulalia kushoto usilitibu kwa bamba kabla hujajua sababu. Boti iliyofungwa jinsi hii ina sababu nne za kawaida. Mzigo: betri, tangi, kompresa, nahodha mwenyewe, vyote upande mmoja. Propela: zikiwa zote mbili zinazunguka upande wa saa, ukiziangalia kutoka nyuma, boti inasukumwa ilalie kushoto kidogo, ndiyo maana watengenezaji wanauza mashine ya pili inayozunguka kinyume. Upepo: boti ya V hulalia upande wa joshi, upepo unakotoka, kwa sababu nahodha anashikilia sukani kuupinga. Ya nne ndiyo ninayoiogopa: maji ndani ya sakafu. Boti ya faiba yenye povu lililonywa maji inaweza kubeba mamia ya kilo ambazo hukuzipakia wewe. Ikilala kushoto hata imefungwa gatini, haina mtu wala mtungi, usinunue bamba. Tafuta maji.

Ukishazifunga, mabamba yatakusaidia kuisimamisha boti wakati wa upepo. Hapa nahodha aelezwe jambo moja asije akashangaa. Ukibonyeza swichi ya kushoto kushusha omo ya kushoto, bamba linaloshuka ni la kulia. Ni sawa kabisa: bamba la kulia linainua shetri ya kulia, na boti inalalia kushoto kwa mbele. Mwaka mmoja nilifunga mabamba kwenye boti ya mteja, nikaunganisha nyaya kwa mantiki ya kushoto kwa kushoto. Tulipotoka nje ya miamba boti ikaanza kulalia upande mmoja, nahodha akabonyeza kuinyanyua, ikazidi. Akabonyeza tena, na chupa ya chai ya tangawizi ikasafiri sakafuni hadi upande wa pili. Nikapunguza mwendo mwenyewe. Kosa lilikuwa langu, nyaya mbili tu. Tangu siku hiyo, kabla boti haijaingia majini, naweka mtu nyuma aniambie bamba lipi linasogea.

Kuna hatari moja kubwa zaidi ya hiyo. Wakati wa kusi, mnapokwenda Mnemba mnaelekea kusini mashariki na mawimbi yanawajia usoni. Hapo shusha mabamba: omo ikate maji kwa ile V yake kali, badala ya kupiga kwa tumbo bapa na kuwavunja wageni migongo. Kurudi, mawimbi yale yale yako nyuma yenu. Hapo mabamba yawe juu kabisa. Boti iliyoinamisha omo ikishuka mgongo wa wimbi, omo inachimba na kuishika njia, shetri inataka kuipita, boti inageuka ubavu kwa wimbi linalofuata. Hivyo ndivyo boti zinavyopinduka, na bamba kubwa linaiongezea nguvu hali hiyo. Mwandikie nahodha kwenye ubao wa sukani kwa herufi kubwa: WIMBI NYUMA, BAMBA JUU.

Njia nyingine zipo. Yapo mabawa ya plastiki yanayofungwa kwenye mashine yenyewe, juu ya propela. Ni rahisi na kwa boti ndogo yenye mashine moja yanasaidia kweli, lakini unatoboa mashine mpya, na huwezi kuyarekebisha mkiwa njiani wala kuinua upande mmoja. Yapo mabamba ya springi ya gesi yasiyo na swichi. Kwa futi 26 na mzigo unaobadilika kama wako siyaungi mkono. Halafu kuna intasepta, kisu kinachoteremka wima milimita chache tu nyuma ya boti. Kampuni za Sweden kama Zipwake na Humphree zinazitengeneza, zinachukua nafasi ndogo na hazitokezi nyuma, kwa hiyo kwa ngazi yenu ya wazamiaji zingefaa sana. Ila zinategemea elektroniki, na kikiota kitu kwenye mwanya wa kile kisu ni lazima mtu azamie kusafisha. Kama bajeti inaruhusu na una wazamiaji wa kuwatuma, zifikirie. Kwa boti ya kazi mimi bado ningefunga bamba.

Jeki nazo ziko za umeme na za haidroliki. Chaguo langu ni haidroliki. Pampu inakaa ndani pakavu, kilichomo majini ni silinda tu, na mafuta yake mara nyingi ni yale ya giaboksi ya otomatiki yanayouzwa kila duka la spea za magari. Ya umeme inajibu haraka na haina mipira ya kuvuja, lakini maji ya chumvi yakishaingia kwenye mota yake unatupa jeki nzima.

Usilifunge mwenyewe kama hujawahi kutoboa ukuta wa nyuma wa boti chini ya mstari wa maji. Ndani ya faiba kuna plaiwudi mara nyingi, na mashine zako zimeushikilia ukuta huo huo. Mtafute fundi wa faiba aje na nyundo ndogo ya plastiki agonge ukuta wote: palipo pazima panalia kwa mlio mkali, palipooza panajibu kwa sauti nzito kama kugonga gunia. Akitoboa, aangalie unga unaotoka kwenye kekee. Ukitoka mweusi na mbichi, asimamishe kazi, kwa sababu shida yako imeshahama kutoka kwenye bamba kwenda kwenye ukuta. Bawaba likae kama robo inchi juu ya ukingo wa chini, lisiuzidi kwenda chini, skrubu ziwe chuma cha pua cha daraja la 316, kila tundu lijazwe gundi ya baharini, na kila bamba lipate kipande chake cha zinki. Kwa vile mnabeba abiria, mwambie mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar kwamba umebadilisha mashine na unataka kuongeza mabamba. Uzito uliohama nyuma unamhusu.

Fanya kwanza la mitungi. Kisha niletee nyuzi ulizosoma kwenye noti 12, 14, 16 na 20, kabla na baada ya kuhamisha, na picha ya boti imesimama tupu, imepigwa kutoka nyuma usawa wa maji.